Herufi tatu kwenye karatasi ya opresheni

Mimi ni mama lishe, napika hapa Dodoma tangu 2004, kwa hiyo moto naujua. Moto wa jiko unakupiga usoni na kifuani, ukirudi nyuma hatua mbili unapoa, ukitoka nje kwenye upepo ndo kabisa. Huu ninaowasimulia mimi ulikuwa hautoki mbele, ulikuwa unatoka ndani, unaanzia hapa chini ya maziwa unapanda shingoni unaingia masikioni mpaka nywele zinalowa. Mwezi wa saba, alfajiri, ule upepo wetu wa Dodoma unaojua kuuma, watu wamevaa makoti na masweta mawili mawili, mi nimesimama nje ya banda nimejifunga khanga moja na jasho linatiririka mgongoni. Dakika tatu nne hivi alafu linakata ghafla, nabaki natetemeka kwa baridi natafuta sweta niliyoitupa sijui wapi.

Wateja wangu wengi ni watu wa soko la Majengo na vijana wa boda, hawa hawana siri. "Mama mbona unalia?" Silii bwana, ni jasho. Kuna mmoja akanipa jina kabisa, Mama Mvua, na mji wenyewe huu mvua hakuna. Nilikuwa nacheka nae ila moyoni inauma, maana mama lishe akitiririka juu ya sufuria la wali nani atakula? Nikaanza kufunga kitambaa kichwani na kingine shingoni, nikatoa jiko la mkaa nikaliweka nje kabisa, nikanunua feni. Sikupata nafuu yoyote, tatizo halikuwa jiko.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

2013 nilikuwa na miaka 44 na nilikuwa navuja damu. Sio hedhi ya kawaida, navuja siku 10, siku 12, pedi mbili kwa mpigo na khanga juu yake, nikibeba ndoo ya maji nahema kama nimepanda mlima. Kupima wingi wa damu ikakutwa 6, ndogo mno. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi, fibroidi, nyingi, tumbo lenyewe lilikuwa linaonekana mpaka wateja wakawa wananipa hongera. Nikaongezewa damu chupa tatu, ndugu zangu wakachangia, hela ya matibabu ikatoka kwenye kikoba, nikaambiwa kizazi kitolewe. Watoto ninao wanne, nikasema kitoke tu. Karatasi ikaletwa, nikaweka sahihi pale nilipoonyeshwa kidole. Hospitali siitaji, na opresheni yenyewe siilaumu maana ilinitoa kwenye kaburi, naomba nieleweke hapo.

Siku ya pili baada ya opresheni daktari akapita raundi, wako kundi zima, akanishika mguu juu ya shuka akasema, "Mama hongera, tumesafisha kila kitu."

Kusafisha! Mimi ninavyojua kusafisha ni sufuria, unatoa ukoko sufuria linabaki. Nikamwambia asante sana baba, Mungu akubariki. Wakanipa karatasi ya ruhusa imejaa maandishi ya kidaktari, nikaikunja, nikaenda kukaa kwa dada yangu Kongwa mwezi mmoja na nusu nipone. Hiyo karatasi ishikeni kichwani, tutairudia.

Moto ulianza nikiwa hapo hapo Kongwa, hata mshono haujakauka vizuri. Dada akasema ni homa ya kidonda. Nikarudi mjini, nikapima, malaria hakuna, wakasema taifodi. Nikanywa dawa za taifodi. Ukaendelea, nikapima tena, UTI. Nyie mnajua hapa kwetu ukiingia maabara hutoki mikono mitupu, ni taifodi au UTI au vyote viwili. Ila kwa upande wa UTI sisemi walinidanganya, kweli nilikuwa napata, mara tatu mara nne kwa mwaka, mkojo unachoma, nameza antibayotiki inatulia, mwezi wa pili inarudi. Usingizi ukaondoka. Naamka saa nane usiku shuka limelowa, nageuza mto, nalala, saa tisa tena, saa kumi ndo muda wangu wa kuamka kuwasha mkaa. Mzee wangu akachoka na mimi kufunua neti na kuifunika kutwa, feni usiku kucha, akachukua godoro akahamia sebuleni, akasema ni kwa sababu ya mgongo.

Mambo mengine ya chumbani nitayasema kwa kifupi. Kulikuwa na ukavu, kulikuwa na maumivu, nikawa nakwepa. Mzee hakusema kitu na mimi sikusema kitu. Mama mkwe, Mungu amrehemu, ndo alikuwa anaongea kwa niaba yetu wote. Kwake yeye kizazi kikitolewa ile damu ya kila mwezi inakosa pa kutokea, kwa hiyo inapanda kichwani, ndo moto huo, na dawa yake ni kuchanjwa. Sikuchanjwa. Lakini maelezo yake yalikuwa na mpangilio kuliko ya maabara, nilikaa nayo miaka kichwani, wakati mwingine saa tisa usiku nikiwa nimekaa kitandani najiuliza au kweli damu imepanda.

Hakuna mtu, hata mimi mwenyewe, aliyetamka neno kukoma hedhi. Na sababu yake nimeiona baadae sana. Mwanamke wa kawaida hedhi inayumba, mwezi inakuja mwezi haiji, anapiga hesabu anajua naelekea huko. Mimi hedhi yangu ilikata siku ya kisu, kila mtu alijua itakata, nani ataitumia kama alama? Ukoo wetu pia wanawake wanafunga wakiwa na 50 na kitu, mimi 44 sikujiweka kwenye hiyo foleni.

Miaka ikaenda hivo. Presha ikaingia nikiwa na 51, nikaanza vidonge. Kila kitu kikawa ni presha.

Alafu mwezi wa kumi na moja 2023, mtoto wa kazi kamwaga maji ya kuoshea vyombo hapo mlangoni, nikateleza. Sikuanguka vibaya, niliweka tu kiganja chini kujizuia, kama mtu yeyote anavyoweka. Mkono ukavunjika hapa kwenye kifundo, nikausikia, ulilia kama kuni kavu. Eksirei, plasta ngumu ya POP wiki sita, wali unapikwa na binti yangu wateja wananuna. Yule daktari wa mifupa ndo aliniuliza swali la kwanza la maana tangu 2013. Akaangalia picha akasema mama mfupa huu mwepesi kwa umri wako, umekoma hedhi lini? Nikamwambia mimi sijakoma, mimi nilitolewa kizazi. Akaacha kuandika. "Na ovari? Waliziacha?"

Ovari, yaani zile mbili za mayai pembeni ya kizazi. Sikujua. Nina miaka 54, mwili ni wangu, na nilikuwa sijui kilichomo na kisichomo.

Nikarudi kule nilikofanyiwa. Faili halipo. Wakati ule walikuwa wanaandika kwenye makaratasi, sasa ivi wana kompyuta, hayo ya zamani sijui yalienda wapi, nikaambiwa njoo kesho, njoo jumatatu, siku ya nne nikaelewa. Nikakumbuka karatasi ya ruhusa. Nyumbani nikapindua makabati yote, nikakuta risiti za vikombe vya 2009 ila karatasi hakuna. Ndo dada yangu kwenye simu ananiambia, si uliacha mfuko wako wa rambo huku kwangu? Nikapanda gari, nikashuka Mbande, nikaunga mpaka Kongwa. Sanduku la bati, chini ya vitenge vya marehemu mama, ndani ya mfuko na vyeti vya kuzaliwa vya watoto niliovitafuta miaka mitano. Karatasi imekuwa ya njano mikunjo imeanza kuchanika. Nilisoma yote nikaambulia jina langu na tarehe.

Daktari bingwa wa wanawake niliyetumwa kwake ni binti mdogo, sawa na mwanangu wa kwanza. Akanianza yeye, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikampa karatasi. Akaisoma akaweka kidole. "Hapa wameandika TAH, hiyo ni kizazi kutolewa kwa kupitia tumboni. Alafu hizi herufi tatu hapa mbele, BSO. Hizi ni mirija na ovari, pande zote mbili, navyo vilitolewa."

Kwa hiyo nilikuwa nayo. Jibu la miaka 10 lilikuwa limelala Kongwa chini ya vitenge.

Alisoma na mstari mwingine akasema ovari moja ilikutwa na kivimbe cha maji, inawezekana ndo sababu wakaamua kuzitoa, na yeye hawezi kusema walikosea. Mimi pia siwezi. Ila neno moja jamani, neno moja tu pale kitandani, mama na ovari tumetoa kwa hiyo utaanza kusikia joto. Mtu kakupitishia kisu anashindwaje kukupitishia sentensi?

Akanieleza, na hapa najaribu kuweka kwa maneno yangu ya jikoni. Ovari kazi yake sio mayai tu, ndo zinatengeneza homoni ya estrojeni, na estrojeni inafanya kazi mpaka kwenye mifupa, ngozi, kibofu, kule chini, na hata kwenye ubongo pale panapopima joto la mwili. Mwanamke anayekoma mwenyewe ni kama jiko linaloachwa life taratibu, miaka kadhaa, makaa yanakuwa majivu. Ukitolewa ovari ni kama jiko limemwagiwa ndoo ya maji likiwa jekundu. Mwili unashtuka. Na mifupa inaanza kupoteza uzito kuanzia hapo, mimi nikaanza kupoteza na 44 badala ya 50 na kitu, ndo maana niliteleza kidogo tu mkono ukavunjika.

Alafu akaniuliza mambo ya tendo la ndoa. Nilitazama kalenda ukutani, ile ya benki, nikaisoma mpaka sikukuu zote. Ila nilijibu. Akasema ule ukavu na zile UTI za kila mara vinaweza kuwa ndugu wa baba mmoja, estrojeni ikiisha ngozi ya kule inakuwa nyembamba, wadudu wanapata njia. Miaka 10 ya antibayotiki, kumbe shida nyingine ilikuwa ngozi.

Nikamuuliza basi si unipe hizo homoni leo leo. Akacheka, akasema mama ungekuja 2013 nisingefikiria mara mbili, ulikuwa na 44, anayetolewa ovari kabla ya muda wake kwa kawaida anashauriwa apewe homoni angalau mpaka ule umri ambao angekoma mwenyewe, miaka 50, 51. Sasa ivi miaka zaidi ya 10 imepita. Wanasema faida inazidi hatari vizuri zaidi kama mtu ameanza kabla ya 60, au ndani ya miaka 10 tangu akome. Mimi mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, chini ya 60 ndio, ila ile 10 nimeshaivuka, na juu yake nina presha. Kwa hiyo hakunipa siku hiyo. Kwanza alitaka presha ishuke na ikae chini wiki kadhaa, akabadilisha dawa yangu moja na akanipunguzia chumvi, mimi muuza chakula. Akanipima matiti, akanituma mamogramu, ile picha ya matiti, akaniuliza kama ukoo wetu kuna damu kuganda miguuni, kiharusi, saratani ya titi, ugonjwa wa ini.

Wakati nasubiri hiyo presha ishuke binti yangu wa pili, yuko chuo kikuu hapa, UDOM, akaanza kunitumia mambo ya kwenye simu. Mama homoni zinaleta saratani. Mama homoni zinaleta kiharusi. Mama vingine vinatengenezwa na mkojo wa farasi mwenye mimba. Nikampelekea daktari simu nzima nikamwambia soma. Wa farasi akasema ni kweli, kuna vidonge vya zamani vinatolewa kwenye mkojo wa farasi jike wenye mimba, na ndo hivyo vilivyotumika kwenye ule utafiti mkubwa wa Marekani uliotisha dunia nzima. Utafiti wenyewe ulikuwa na makundi mawili. Wenye kizazi walipewa homoni mbili, wao walisimamishwa 2002, saratani ya titi, moyo, kiharusi na damu kuganda vilikuwa vimepanda. Waliotolewa kizazi kama mimi, zaidi ya wanawake 10,000, walipewa estrojeni peke yake, hao waliendelea mpaka 2004 ndo wakasimamishwa kwa sababu ya kiharusi. Ila saratani ya titi kwao haikupanda, na kuvunjika nyonga kulipungua. Na wengi walioingia walikuwa wameshavuka 60. Kwenye simu makundi yote yamekorogwa sufuria moja.

Nilimpenda kwa hilo. Hakuniambia haina hatari, aliniambia hatari ya kundi langu ni ipi.

Na kwanini wenye kizazi wanapewa mbili? Hili lilinikaa kichwani kwa sababu baadae lilinisaidia. Estrojeni peke yake inanenepesha ukuta wa ndani wa kizazi, ukiachwa unenepe tu unaweza kugeuka saratani, kwa hiyo wanawekewa projesteroni ya kuuzuia. Asiye na kizazi hana ukuta wa kunenepa, kwa hiyo kwa kawaida estrojeni inamtosha. Kwa mara ya kwanza kutokuwa na kizazi kukawa na nafuu mahali.

Mwezi wa tatu 2024 akaniandikia. Jeli ya kupaka, sio kidonge, kwa sababu kidonge kinapita kwenye ini kwanza na huko kinachochea damu kuganda, ya kupaka inaingia kwenye ngozi moja kwa moja na hatari hiyo inakuwa ndogo zaidi. Dozi ya chini. Na krimu ya estrojeni ya kule chini, kidogo sana, mwanzo kila siku wiki mbili alafu mara mbili kwa wiki.

Sasa kuipata hiyo jeli! Nilizunguka na karatasi famasia zote mpaka boda akanionea huruma akapunguza nauli. Hakuna, hakuna, ilikuwepo, hakuna. Duka moja la dawa kijana ananiambia mama usihangaike, homoni ni homoni, chukua hivi, ananipa vidonge vya majira. Majira! Nina miaka 55 sina kizazi nazuia mimba ya nani? Lakini sikucheka sana maana nilikuwa nimechoka na mkono ulishaanza kwenda kwenye pochi. Nikampigia daktari kwanza. Alipandisha sauti, na ni mpole yule. Vile vya kuzuia mimba estrojeni yake ni kali zaidi, ni aina nyingine, mtu wa umri wangu na presha damu inaweza kuganda, vikae huko huko. Mwisho mpwa wangu akaipata Dar. Bei yake sisemi maana inapanda na kushuka, ila kwangu mimi ni zaidi ya nusu gunia la mkaa kila mwezi, na hakuna wa kunirudishia.

Kuna jambo moja ambalo hata daktari hakulijua mpaka nilipomwambia kazi yangu. Kaniambia paka asubuhi ukishaoga. Nikamwambia asubuhi mimi naoga saa kumi na saa kumi na robo nimeinamia jiko napuliza. Akasimama. Jeli ile ina spiriti ndani, mpaka ikauke inaweza kushika moto. Kwa hiyo tukahamishia usiku, nikishafunga banda, moto umezimwa, nimeoga, napaka kwenye paja, nakaa dakika tano sijavaa kitu hapo juu, nanawa mikono na sabuni ndo nagusa vitu. Na mjukuu asinikalie mapajani mpaka ikauke, akinigusa homoni zinaweza kuhamia kwake. Anashangaa bibi siku hizi kila usiku anajifungia.

Wiki mbili za kwanza hakuna kitu zaidi ya matiti kuuma na kichefuchefu kidogo, nikaanza kuihesabia ile hela ya mkaa. Wiki ya nne kuna asubuhi niliamka na kengele ya simu. Nilikaa kitandani nikashindwa kuelewa nini kimetokea, nikadhani nimeumwa. Kumbe nililala kuanzia saa nne mpaka saa kumi, shuka kavu. Nililigusa na mkono kama mtu anayegusa godoro la mtoto mkojozi. Siku hiyo nilipika wali nikasahau chumvi na sikujali.

Ule moto haujaisha wote. Ulikuwa mara 12, 15 kwa siku, ukashuka mpaka mara mbili tatu, tena wa kupita tu. UTI toka hiyo krimu ikolee, ilichukua kama miezi miwili mitatu, nimepata moja tu. Mzee alirudisha godoro mwenyewe mwezi wa sita, akasema mgongo umepona. Na mimi nikasema Mungu ni mwema mgongo umepona.

Ambavyo havijabadilika ni magoti, kitambi, na kusahau majina ya wateja. Nilidhani vyote vitakuja pamoja. Mfupa nao daktari kasema homoni inauzuia usiendelee kuisha ila nisitegemee jeli peke yake, nitembee, nile dagaa na mifupa yake, maziwa, niache kubeba ndoo mbili mbili kama bado nina miaka 30. Dagaa nakula, ndoo bado tunabishana.

Habari ikasambaa bila mimi kuitangaza, watu waliona tu Mama Mvua hanyeshi. Shoga yangu wa kikoba, ana miaka 52, anawaka moto yeye sasa, kaja jioni anasema nipimie kidogo kwenye kijiko. Nikamuuliza kizazi unacho? Anacho. Nikakataa. Aliumia sana, alidhani nambania, tulikaa wiki tatu hatusalimiani vizuri mpaka nilipompeleka kwa yule binti mwenyewe akaelezwa habari ya ukuta na projesteroni, sasa ana dawa zake mbili. Wifi yangu Singida yeye alishaugua titi akatibiwa, homoni kakatazwa kabisa, kapewa dozi ndogo ya dawa ambayo kumbe ni ya sonona ila inapunguza joto, anasema inamsaidia nusu. Kwa hiyo watu watatu tumekaa msibani mwaka jana tunapepea na khanga, ugonjwa mmoja, dawa tatu tofauti, na mama mmoja mtu mzima pembeni anatushauri mlonge.

Mlonge sio mbaya, nauweka kwenye mboga. Ila huo moto mlonge wangu haukuwahi kuuzima.

Mwezi uliopita jirani yangu mwenye genge, ana miaka 43, uvimbe kama wangu, kapangiwa opresheni. Alikuja kuniuliza abebe nguo gani. Nikamwambia nguo baadae, umeuliza ovari wanaacha au wanatoa? Hakujua kama ni kitu cha kuulizwa. Nikaenda nae, nikakaa kwenye benchi. Daktari wa huko, mwanaume, hakupenda mimi kuingia ila hakunitoa, na alipoulizwa alijibu vizuri tu, kwamba zikikutwa nzima zinabaki, zikikutwa na tatizo watatoa, akaliandika hilo kwenye fomu kabla jirani yangu hajasaini. Jirani yangu katoka juzi na ovari zake zote mbili. Karatasi yake ya ruhusa nimempigia kopi tatu pale stesheneri, moja ninayo mimi, maana simwamini.

Yangu nimeilaminisha, ipo na hati ya kiwanja.

Mimi bado natumia. Kila mwaka tunakaa na daktari tunahesabu upya, presha, matiti, tunaongea kama tuendelee au tushushe. Mwaka huu kasema tuendelee, tukifika karibu na 60 tutaongea kwa kirefu. Chupa niliyonayo imebaki ya siku tano hivi. Mpwa wangu jana kanitumia picha ya mbili mpya, kasema anapanda treni ya SGR ya asubuhi, kwa hiyo mchana atakuwa hapa, na kama kawaida yake hakuuliza bei ya kuzileta ila kauliza kama kuna maharage ya nazi. Nimeshayaloweka.